Herio ya Kadibodi

Nyumba yangu ya kwanza ililiwa na mbuzi. Nilikuwa nimeiweka juu ya ukuta mfupi wa ua ili rangi ikauke, nikaingia ndani kuswali adhuhuri. Niliporudi nikamkuta mbuzi wa jirani amesimama kwa miguu ya nyuma, mdomo mwekundu kwa rangi, akitafuna paa. Kuta zilikuwa zimeshakwenda. Nilimrushia ndala, akakimbia na bomba la moshi mdomoni.

Ilikuwa kazi ya wiki tatu. Nilipokwenda kumlalamikia jirani, alinisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza kwa wasiwasi wa kweli, "Ilikuwa na gundi? Haitamdhuru mbuzi?"

Hapa Garissa mbuzi anakula katoni na hakuna anayeshangaa. Mwenye duka akitupa nje katoni ya tambi asubuhi, ikifika saa nne haipo. Katoni ni chakula cha mifugo wakati wa kiangazi, au ni kitu cha kutandika chini sokoni ili bidhaa zisiguse vumbi. Mtu anayeichukua, akaikata kwa wembe, akaipaka rangi ya matofali na kuiita nyumba, ni mimi peke yangu, na ninakaribia miaka hamsini.

Yote yalianza kwa dada yangu mkubwa, anayeuza mitumba. Siku moja alifungua belo la nguo za watoto, na ndani ya sweta moja akakuta kijumba. Akaniletea kwenye duka la dawa ninakofanya kazi. "Wapelekee watoto," akasema. Watoto wangu walikuwa wamekua, wana simu zao, hakuna aliyekitaka. Nikakiweka kaunta kando ya dawa za kikohozi.

Kilikuwa na ukubwa wa kikombe cha chai. Karatasi ngumu iliyochapishwa matofali, moja moja, mengine yamefifia. Paa jekundu. Madirisha yalizibwa kwa karatasi ya njano inayopitisha mwanga, na nyuma kulikuwa na tundu la mviringo ambalo sikulielewa. Wateja wakipungua nilikuwa nakigeuza juu chini. Nikagundua kwamba kuta zote nne zilikuwa karatasi moja, imekatwa, ikakunjwa, ikashikwa kwa ndimi ndogo zilizogundishwa kwa ndani. Kuna mtu zamani alikaa akafikiri jinsi karatasi bapa itakavyosimama na kuwa nyumba, na alifikiri vizuri kiasi kwamba mpaka leo ilikuwa bado imesimama.

Nilitafuta kwenye simu. Nikajua kwamba zamani, katika nchi za baridi, vijumba kama hivyo vilitengenezwa kuwa vitu vya kuchezea, vikapangwa kando ya reli za treni za watoto: stesheni, duka la mkate, nyumba ya mkuu wa stesheni. Lile tundu lilikuwa la kuingizia taa ndogo. Nikajua pia kwamba wapo watu wazima, wenye kazi na familia, wanaotengeneza vipya kwa kufuata vya zamani. Niliangalia meza zao kwenye picha, visu vyao, rula zao za chuma, nikajiambia kwamba katoni ninazo. Ilionekana rahisi.

Sijui ni kwa nini hakuna aliyetaja joto. Gundi nyeupe hapa inakauka kwenye brashi kabla haijagusa kadibodi. Ikikubali kushika, ikikauka inavuta, na ukuta uliokuwa sawa asubuhi unakuwa umejikunja adhuhuri kama chapati iliyosahauliwa juani. Nikahamia gundi kali ya mafundi viatu. Siku moja nilimhudumia mteja huku pakiti ya vidonge imenigandia kwenye kidole gumba, naye akaivuta kwa adabu mpaka ikachanika. Nikajaribu uji wa unga wa ngano. Uji ulishika vizuri kuliko vyote, ila asubuhi yake sisimizi walikuwa wamepanga mstari kutoka mlangoni hadi ndani ya stesheni yangu ya katoni. Halafu kuna vumbi. Upepo wa alasiri unapiga, rangi bado mbichi, na paa jekundu linakuwa na rangi ya barabara ya kwenda Dadaab. Na mvua zikija, mto Tana ukijaa na hewa ikiwa nzito, kila mkunjo nilioukunja unaanza kujikunjua wenyewe.

Mke wangu hakuniambia niache. Alisema tu, "Angalau hutafuni miraa," akaniachia meza ndogo barazani.

Basi barazani ndiko mama alikokuja kukaa.

Ukame uliopita ulimaliza mifugo yake. Maisha yake yote alikuwa ameyaishi upande wa Bura na kokote mvua ilikonyesha kuzunguka huko, na hata walipokufa ng'ombe wa mwisho hakutaka kuondoka. Magoti ndiyo yaliyomtoa. Kaka yangu alimleta kwa gari la mizigo akiwa amekaa mbele na dereva, bakora mkononi, amekasirika. Tukamtandikia mkeka barazani mahali penye kivuli mpaka alasiri, hatua mbili kutoka kwenye meza yangu. Kuanzia siku hiyo nikawa na mkaguzi.

Kwetu mama humwita mtoto wake "hooyo", neno lile lile ambalo mtoto humwitia mama. Kwa hiyo mazungumzo yetu, ambayo ni ya Kisomali na hapa nayaweka kwa Kiswahili, yanaweza kumchanganya mgeni. Siku ya kwanza aliniangalia nikikata kwa muda mrefu sana.

"Hooyo, hiyo ni nini?"

"Nyumba, hooyo."

"Analala nani?"

"Hakuna. Ni ya kutazama."

Akaielekezea bakora. Kisha akasema, "Ukuta wa kulia umepinda."

Nikachukua rula. Ulikuwa umepinda.

Siku ya pili aliniambia alilokuwa amelificha siku ya kwanza. "Kwetu mwanamume hajengi nyumba." Alisema bila ubaya, kama mtu anayekumbusha. Na ni kweli. Kwa wafugaji wa kwetu nyumba ni ya mwanamke. Ile tunayoiita herio, ya miti iliyopindwa na kufunikwa mikeka, mama zake na shangazi zake humsaidia kuitengeneza anapoolewa, na baada ya hapo ni yeye anayeisimamisha, anayeifungua, anayeipakia kwenye ngamia na kuisimamisha tena mbele ya safari. Mwanamume hutangulia kuangalia majani na maji. "Baba yako," mama aliniambia, "hakuwahi kufunga hata fundo moja." Kwa hiyo mimi na wembe wangu tulikuwa kichekesho kwake.

Ningeweza kuvumilia kichekesho. Kilichonishinda ni kwamba alikuwa na jicho. Hajawahi kushika rula, lakini akiwa amekaa pale mkekani alikuwa akiniambia kwamba paa limezidi upande mmoja, kwamba kona haijakaa, kwamba uzito wote uko mbele na nyumba itaanguka. Nilikuwa napima nikitumaini amekosea. Hakukosea hata mara moja. Nilianza kugeuza meza ili mgongo wangu umzuie asione, naye akaanza kusogeza mkeka.

Asubuhi moja, nikiwa na kuta tatu mkononi na ya nne inakataa, akasema, "Umeanza vibaya." Nikamwambia, "Hooyo, kama unajua, njoo ujenge wewe."

Alichukua tasbihi yake akaendelea kuhesabu. Mke wangu alitoka jikoni, mikono ina unga wa anjera, chapati zetu laini za asubuhi, akanitazama, akarudi ndani. Baadaye aliniambia, "Hukusema naye vizuri," na sikubisha.

Kuomba msamaha kwa maneno sikuweza. Nikaamua kumtengenezea herio. Ningemwekea nyumba yake mwenyewe katikati ya zile za nchi za baridi, aone kwamba najua aliyoyafanya. Niliona ni wazo zuri sana. Nililipenda kiasi kwamba sikumwambia mtu.

Kadibodi inapenda mstari. Ukiikunja inatii. Ukiizungusha upande mmoja, kama kopo, inakubali kwa shida. Lakini herio ni mviringo kila upande, kama nusu ya tikiti, na hapo kadibodi inakataa kabisa. Ya kwanza niliilowesha nikaikandamiza. Ilikauka na mikunjo kila mahali. Ya pili niliikata vipande vyembamba kama vya chungwa nikaviunganisha, na kati ya kila kipande na kingine pakabaki mwanya wa kupita kidole. Ya tatu niliitengenezea juu ya bakuli la mke wangu, tabaka juu ya tabaka za karatasi na uji, na haikutoka tena kwenye bakuli. Bakuli lilikuwa la harusi yetu. Ya nne sitaki kuielezea.

Nilipofika ya tano nikaelewa kwamba nilikuwa nikijenga kama mtu wa mjini, kuta kwanza. Herio haina kuta. Ina miti, na miti ndiyo nyumba. Basi nikakata vipande virefu vyembamba vya katoni, nikavilowesha, nikavipindisha kuzunguka kopo la maziwa ya unga vikauke hivyo hivyo, kisha nikavipitisha kimoja juu ya kingine na kuvifunga kwa uzi. Kwa mikeka niligundua kitu kilichonifurahisha: ukiibandua karatasi ya juu ya katoni nene, ndani kuna mistari iliyojipanga kama nyasi zilizosukwa. Shida ni kuibandua. Kavu haitoki, na ikilowa inachanika. Nilichana katoni kumi na kitu kupata mikeka sita yenye upana wa kiganja.

Na mafundo sikuyajua. Nilijaribu kumchokoza.

"Hooyo, ile miti mlikuwa mkianza kufunga wapi?"

"Kwa nini?"

"Nauliza tu."

"Juu."

"Juu wapi?"

"Juu ni juu."

Siku nyingine nikauliza mlango ulikuwa ukitazama upande gani. "Upande ambao upepo hautoki," akasema, akafumba macho. Alikuwa bado hajanisamehe, nadhani, au alikuwa amechoka tu. Nilikisia mafundo.

Nilifanya kazi hiyo yote dukani, kati ya mteja na mteja, ili asione. Ilinichukua miezi miwili. Mzee mmoja aliyekuja kununua dawa ya macho aliiona kabla sijaificha chini ya kaunta, akaishika kwa mikono miwili. "Mashallah," akasema. "Hii ni ya shangazi yangu kabisa." Siku hiyo nilifunga duka nikiwa nimejaa sifa.

Nikangoja Idi. Nyumba ilijaa: dada yangu na watu wake, ndugu za mke wangu, watoto wangu waliokuwa wamerudi kutoka vyuoni. Baada ya kula, chai ikiwa imeshamiminwa, nilileta herio ikiwa imefunikwa kitambaa, nikaiweka mbele ya mama, nikafunua.

Dada yangu alijiziba mdomo kwa mkono. Simu zikatoka, watu wakapiga picha. Mama aliitazama. Aliigeuza taratibu, akapitisha kidole mlangoni, akapapasa mafundo, moja baada ya jingine. Nilikuwa tayari aniambie nimefunga vibaya. Ningefurahi aniambie nimefunga vibaya.

"Umenitengenezea mimi hii?"

"Ndiyo, hooyo."

"Kwa nini?"

"Ni nyumba yako."

"Ilikuwa yangu kwa sababu sikuwa na nyingine," akasema. Hakupandisha sauti. "Unajua nimeipakia mara ngapi? Wewe ukiwa tumboni, umebakiza siku chache, niliifungua asubuhi, nikaipakia, tukatembea siku mbili, nikaisimamisha, ndipo nikalala chini ukazaliwa. Na mvua ikaja usiku ule ule. Maji yalikuwa yakiingia hapa." Akagusa mahali mikeka yangu miwili inapokutana. "Na hapa. Na hapa. Nilikaa nimekuinamia mpaka kukakucha."

Akaisukuma herio kuelekea kwa dada yangu. "Mpe anayeitaka." Kisha akanyoosha bakora kuelekea rafuni, kwenye nyumba ya ghorofa yenye paa jekundu, niliyoitengeneza kwa kufuata kile kijumba cha mitumba. "Mimi nataka ile."

Ningependa kuandika kwamba nilicheka, au kwamba nilielewa papo hapo. Nilikasirika. Nilikwenda msikitini saa nzima kabla ya swala, nikakaa peke yangu nikihesabu miezi miwili, vidole vilivyojeruhiwa, bakuli la harusi. Dada yangu alinifuata kwa simu. "Mama amezeeka, usiyatie moyoni," akasema. Lakini mama akili yake iko timamu kuliko yangu, na hilo ndilo lililouma. Kama angekuwa amechanganyikiwa ningeweza kumhurumia na kubaki na haki yangu.

Nilikuwa nimetaka shukrani, hilo nalikiri. Na nilikuwa nimetaka aikumbuke herio kwa hamu kama ninavyoikumbuka mimi. Lakini mimi niliishi ndani yake miaka saba tu, kisha nikaletwa mjini kwa mjomba kusoma. Ninachokumbuka ni harufu ya moshi na maziwa, na mwanga unaopenya kwenye mikeka asubuhi. Sikuwahi kuifungua wala kuipakia. Wakati mvua ilipokuwa ikiingia, kuna mtu alikuwa juu yangu.

Hata nilipoyafikiria hayo sikuacha kukasirika. Siku tatu sikugusa meza. Ya nne, chai ikiwa haijapoa, mama akaniita.

"Waryaa! Nyumba yangu iko wapi?"

Nikaishusha kutoka rafuni nikampa. Nilidhani mambo yameisha. Aliikagua kwa nusu saa, kisha yakaanza. Mlango ulikuwa umechorwa tu. Alitaka mlango unaofunguka na kufungwa. Madirisha hayakuwa na nondo, na wezi je? Tangi la maji liko wapi? Nyumba gani ya Garissa haina tangi? Nikamtengenezea tangi jeusi kwa kifuniko cha chupa ya dawa, nikalipachika juu ya lile paa la nchi za baridi, na likaharibu kila kitu nilichokuwa nikikipenda kwenye paa hilo. Choo kiko wapi? Nikajenga choo.

Kisha akasema, "Ile ya juu iondoe."

"Ghorofa? Hooyo, ghorofa ndiyo nyumba yenyewe."

"Na haya magoti?"

Ghorofa ndiyo niliyojivunia kuliko kazi yangu yote, yenye ngazi ndani ambazo unaweza kuziona ukichungulia dirishani. Niliikata. Kwa hasira nilikandamiza mno, na wembe ukateleza ukachana ukuta wa chini, nikalazimika kuutengeneza upya.

Ilipokuwa tayari, aliisukuma kwa kidole. Ikasogea.

"Igundishe chini," akasema. "Sitaki isogee."

Nilipata kipande cha ubao, nikaigundisha kwa gundi nyeupe. Kesho yake joto lilikuwa limeibandua. Nikaigundisha kwa gundi kali. Ilishika siku nne. Kila asubuhi baada ya chai mama alikuwa akinyoosha kidole na kuisukuma, na ikisogea anasema "Habana!" kwa Kiswahili chake cha sokoni, kwa sauti, ili hata mke wangu asikie jikoni. Nikachanganya gundi mbili, jambo ambalo mtu wa duka la dawa anapaswa kujua kwamba halifanywi, na moshi uliotoka ulitukimbiza sote kutoka barazani. Mwishowe nikaipigilia misumari midogo kutokea chini. Mmoja ulipita pembeni ukapasua kona.

Sasa haisogei. Iko dirishani kando ya mkeka wake, na dawa zake za magoti amezipanga mbele ya mlango. Kona iliyopasuka naiona kila ninapopita. Yeye haimsumbui. Herio iko kwenye kibanda cha dada yangu sokoni, juu ya rundo la sweta. Watu wanasimama kuisifia, wengine wamenipigia simu wakitaka na wao. Nimewaambia siwezi, na ni kweli; nikiikumbuka ile mikeka vidole vinaniuma.

Juzi nilimuuliza mama kama ameridhika na nyumba yake. Aliisukuma kwanza kwa kidole.

"Mlango ni mwembamba," akasema. "Mtu akija na godoro atapita wapi?"

Nikamwambia hakuna mtu atakayekuja na godoro. Akanitazama kama anavyomtazama mtoto. Wageni huja, akasema, na wengine hukaa.

Basi leo alfajiri, kabla ya kwenda kufungua duka, nimekata upande wa mbele kuupanua. Sasa kadibodi iliyobaki kati ya mlango na dirisha ni nyembamba mno, na ukuta umeanza kuinama. Mama ameshauona. Amesema umepinda kushoto.